Matanga ya Siku Moja

*Tulimzika mama Jumamosi, Jumapili alfajiri tukageuza gari kurudi Dar. Miezi saba baadaye mhariri wenu akaanza kutafuta vitabu vya kumfundisha kulia. Alichokikuta kilimrudisha Kyela.*

Mpenzi msomaji, ukurasa huu umezoea kukuletea mambo ya mapenzi: jinsi ya kumpata, jinsi ya kumtunza, jinsi ya kumsamehe akikosa. Mwezi huu naomba uniruhusu nizungumzie jambo ambalo kila penzi litalifikia, hata lile tamu kuliko yote. Mmoja ataondoka kwanza. Je, anayebaki afanyeje?

Mimi nilibaki, na nilikosea.

Kamati yetu ya mazishi ilikuwa nzuri, sina la kulaumu. Mama alifariki Alhamisi hospitalini Dar es Salaam, baada ya kuugua saratani kwa miezi kumi na moja. Saa mbili baadaye grupu la WhatsApp lilishafunguliwa, mweka hazina keshachaguliwa, na namba ya kutumia michango imeshawekwa. Katibu nilikuwa mimi. Ijumaa jioni tukamuaga, na usiku gari la msiba likaondoka: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, halafu ule mteremko wa Tukuyu ambako baridi inakuacha na joto la Ziwa Nyasa linakupokea. Jumamosi alasiri tukamzika mama nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Na matanga? Tulishakubaliana njiani. Siku moja, basi. Watu wana kazi, watoto wana shule, na kulisha msiba wa Kyela wiki nzima ni ng'ombe wangapi? Hesabu nilizipiga mimi, kwa simu, tukiwa Iringa. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na sita, hatukumuuliza. Tulimwarifu.

Jumapili alfajiri turubai likakunjwa, masufuria ya kukodi yakarudishwa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mkeka wa kuanikia kakao. Nikapiga magoti kumuaga. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza neno moja tu.

"Mmemaliza?"

"Ndiyo, baba. Tumemaliza."

"Haya."

Gunia la mchele

Nilirudi kazini Jumatano. Kila mtu akanisifu: "Dada, wewe jasiri." Nikajiona jasiri kweli. Sikulia msibani kwa sababu nilikuwa na daftari la michango mkononi. Sikulia baadaye kwa sababu gazeti lilikuwa linakwenda mtamboni. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, kimya.

Lakini jikoni kwangu kulikuwa na gunia la mchele wa Kyela, la mwisho alilonitumia mama kabla hajazidiwa. Sikulifungua. Mume wangu akasema tule, nikamjia juu. Wadudu wakaanza kuingia, akasema basi tulitoe, nikamjia juu zaidi. Ikawa kila kitu ni ugomvi: taa, ada, chumvi. Siku moja akaniambia taratibu, "Mke wangu, mimi si niliyemuua mama." Nikatoka nje nikakaa kwenye gari mpaka saa tano usiku, macho makavu.

Wiki ileile mdogo wangu anayeishi Ipinda akanipigia. "Dada, Baba haongei. Sokoni haendi. Chakula anagusa tu."

Sasa mwenzenu nimesomea mawasiliano chuo kikuu, na kazi yangu ni kutafuta habari. Nikasema, hili nitalitafutia majibu kama ninavyotafuta mengine yote. Lazima kuna mahali limeandikwa.

Hatua tano, kila mahali hatua tano

Nilianza kama unavyoanza wewe, na simu kitandani. Nilipotafuta kwa Kiswahili nilipata mahubiri, salamu za rambirambi na mashairi ya kuaga. Mazuri, ila yote yaliniambia nisilie. Nilipotafuta kwa Kiingereza nikamwagiwa kitu kimoja kila mahali: hatua tano za majonzi. Kukataa, kukasirika, kupatana na Mungu, kuzama kwenye huzuni, kukubali. Nikajipima. Nilikuwa nimekwama kwenye ya pili? Au ya kwanza? Nikajiona hata kufiwa nimefeli.

Ndipo nikafanya kile ninachowaambia waandishi wangu wafanye kila siku: uliza habari imetoka wapi. Hatua hizo zilitolewa na Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1969, On Death and Dying. Na unajua alizungumza na nani? Wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Ni baadaye ndipo hatua zile zikavishwa wafiwa, na watafiti wengi hawakubali kwamba kila mfiwa huzipitia kwa mpangilio huo.

Nikaendelea kuchimba. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi, mithili ya bembea. Leo anaukabili msiba, kesho anashughulikia maisha, na vyote viwili anavihitaji. Ukicheka harusini wiki mbili baada ya mazishi hujamsaliti marehemu. Ila ukikaa upande mmoja tu wa bembea, kuna tatizo. Nikajiona palepale. Nilikuwa nimekaa upande wa kazi miezi saba bila kushuka.

Kisha nikasoma mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa ICD-11 ulioanza kutumika mwaka 2022. Sasa unatambua majonzi yaliyopitiliza kama hali ya kutibiwa: mtu anamtamani marehemu kupita kiasi, uchungu hauishi, maisha yamemshinda, na imepita miezi sita au zaidi. Lakini kuna sharti hapo, na ndilo lililonishika. Lazima hali hiyo izidi wazi kile kinachotarajiwa na jamii, mila au dini ya mfiwa.

Soma tena hapo. Daktari anatakiwa ajue kwenu mnalia vipi na kwa muda gani. Na mimi binti wa Kyela, katibu wa kamati, nilikuwa sijui. Hesabu ya wali na ng'ombe niliijua. Matanga yalikuwa ya nini hasa, hapana.

Mjane aliyeandika msiba wetu

Nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza "majonzi ni nini", nikauliza "nani ameandika misiba ya Wanyakyusa?" Nikabaki mdomo wazi.

Kumbe sisi watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa tumeandikwa kuliko wengi. Mwaka 1939 Godfrey Wilson, Mwingereza, alichapisha kwenye jarida la Bantu Studies la Afrika Kusini makala nzima kuhusu taratibu za mazishi za Wanyakyusa. Yeye na mkewe, Monica, walikaa kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, enzi hizo Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Alieleza wanawake wanavyolia na kukumbatiana, na wanaume wanavyocheza ngoma kwa nguvu, mikuki mkononi. Msiba unaoanza kwa vilio unaishia na watu wanacheka na vijana wanatupiana macho. Kwa mgeni ilionekana vurugu. Yeye aliona utaratibu: uchungu una zamu yake, na uhai una zamu yake. Si ndiyo bembea ile ya Waholanzi? Miaka sitini kabla!

Monica ndiye aliyeandika kwa kina zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1957, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kinaeleza wafiwa walivyotengwa ndani, walivyolala pamoja kwenye majani ya migomba, walivyonyolewa na kuoshwa. Na kuna jambo moja lililonifanya niweke kitabu chini nikatembee kidogo. Wafiwa walisukumiwa takataka. Ndiyo, takataka na uchafu, vitu ambavyo Mnyakyusa wa kawaida hukaa navyo mbali, kwa sababu kwa imani ya zamani uchafu ni dalili ya wazimu. Msibani walivileta makusudi. Maana yake ilikuwa kwamba mauti na yaje sasa hivi, karibu kabisa, mbele ya ndugu wote, ili yasije baadaye kwa kuvizia na kumtia mtu wazimu. Mary Douglas, mtaalamu maarufu wa Uingereza, alilitumia jambo hilihili katika kitabu chake cha mwaka 1966, Purity and Danger, kinachosomwa vyuoni duniani kote. Wanafunzi wa London wanajua kwa nini bibi yangu alisukumiwa takataka. Mimi nilikuwa sijui.

Baada ya hapo, anaeleza Monica, marehemu alisindikizwa atoke ndani ya nyumba, kisha akakaribishwa arudi kwa heshima, awe mmoja wa abasyuka, wazee waliotangulia. Kwanza umwachie aende. Halafu umpe nafasi mpya. Mwaka 1996 wasomi wa Marekani walitoa kitabu, Continuing Bonds, wakisema mfiwa hahitaji kukata uhusiano na marehemu, anaubadilisha tu. Haya jamani.

Sasa sikiliza habari ya huyu mama mwenyewe. Godfrey Wilson, aliyeandika makala ile ya mazishi, alijiua mwaka 1944 akiwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, hajafikisha miaka arobaini. Monica akabaki na watoto wawili wa kiume, wadogo. Na akabaki na madaftari. Mwaka 1951 akatoa kitabu cha kwanza, 1957 cha pili, 1959 cha tatu, 1977 cha nne, vyote kutokana na kazi waliyoianza wawili. Mwaka 1955 alirudi Unyakyusa, bila Godfrey safari hii. Alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Cape Town mpaka mwaka 1973, na akafariki mwaka 1982.

Mimi sijui alilia vipi. Ninachojua ni kwamba kitabu kinachoeleza jinsi watu wetu wanavyomsaidia mjane asipate wazimu kiliandikwa na mjane.

Majina yasiyo kwenye jalada

Kabla hujasema "kumbe Wazungu ndio wanaotujua", subiri. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kinachoitwa Inside African Anthropology: Monica Wilson and Her Interpreters, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank. Kinafukua majina ya Waafrika waliofanya kazi na akina Wilson. Kwetu yumo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, aliyewauliza watu, akaandika, akafafanua. Rebecca Marsland wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambaye mwenyewe amefanya utafiti Kyela, ana sura humo. Maarifa yale yalitoka vinywani mwa wazee wetu. Walichofanya wageni ni kuuliza kwa subira, na kuyahifadhi.

Kuhifadhi nako si dawa ya milele. Karatasi za akina Wilson ziko Cape Town, kwenye nyaraka za chuo kile. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, chuoni hapohapo. Stoo za chini ya ardhi ziliokolewa kwa kiasi kikubwa, ingawa maji ya kuzima moto yaliziingia. Nilipoangalia tena picha za moto ule nilijisikia mjinga. Nilikuwa nahangaikia karatasi zilizo nchi nyingine, wakati maktaba yangu imekaa kwenye kigoda Kyela, haili, na siipigii simu.

"Huyo aliulizia milimani"

Nikaomba likizo, mara hii bila kamati. Nilibeba nakala za kurasa kadhaa za Monica, miwani mipya ya baba, na kinasa sauti cha simu. Mume wangu alinisindikiza stendi. Hatukuongea sana, ila alinishika mkono mpaka basi lilipowashwa.

Siku ya kwanza baba alinipokea, akala, akaenda kulala. Siku ya pili nikakaa naye kando ya kakao, nikaanza kumsomea, natafsiri taratibu. Wanaume na mikuki. Majani ya migomba. Takataka. Nilidhani atanikaripia kwamba namletea upagani, maana baba ni Mmoraviani wa kuzaliwa, mwimbaji wa kwaya miaka arobaini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka. Wallahi, baba alicheka.

"Huyo aliulizia milimani," akasema. "Sisi wa bondeni, hapa ziwani, si kila kitu kilikuwa hivyo. Na sisi wa kanisani hatukucheza na mikuki. Tuliimba usiku kucha. Lakini hilo la majani, kweli. Bibi yako, mama yangu, alipofariki tulilala chini wote. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Ikawa kama nimefungua bomba. Alinisahihisha ukurasa kwa ukurasa. Hiki sicho, hiki ndicho, hiki kiliachwa babu yako alipobatizwa, hiki wanafanya mpaka leo ila wanajificha. Jua likazama nyuma ya migomba, mdogo wangu akaleta chakula, baba akala na kuongeza. Nilirekodi saa nne na ushee.

Nilipoona ametulia, nikauliza lile lililonileta.

"Baba, siku ile uliponiuliza kama tumemaliza. Ulikuwa na maana gani?"

Alinyamaza sana.

"Nilitaka kujua mmemaliza nini, mama. Mimi nilikuwa sijaanza."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa na ratiba. Na mimi mwanaume. Wanawake walikuwa na kilio chao ndani kule. Zamani, umesoma mwenyewe hapo, mwanaume alipewa kazi ya kufanya na uchungu wake. Mlinipa kiti."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe." Akasema, "Haya," lakini haikuwa ile haya ya Jumapili.

Nikamuuliza kama angependa tufanye ibada ya mwaka, tukae siku zaidi, tukodi turubai kubwa. Akatikisa kichwa. "Turubai usilete. Njoo ukae tu." Kisha akaniambia jambo ambalo hata mdogo wangu alikuwa hajui. Kila jioni baba huenda kule nyuma kwenye migomba, na humwambia mama bei ya kakao ya siku hiyo.

"Abasyuka, baba?" nikamtania.

"Abasyuka gani? Mimi Mkristo," akasema. "Alikuwa anapenda kujua."

Unaanzia wapi?

Huenda na wewe una Jumapili yako kama yangu, au una mgonjwa nyumbani na unaogopa kuuliza. Baada ya kuhangaika mwaka mzima, hii ndiyo ramani yangu.

*Anza na aliye hai.* Vitabu vitakusubiri, wazee hawatakusubiri. Usimuulize mzee "mila zenu ni zipi". Muulize: "Bibi alipofariki, mlilala wapi? Nani alipika? Siku ya kwanza kucheka ilikuwa lini?" Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na weka nakala sehemu mbili.

*Mchokoze kwa maandishi.* Hii ni siri niliyoivumbua Kyela. Mzee ambaye hatoi habari mwenyewe atamsahihisha aliyekosea. Msomee kilichoandikwa kuhusu kwao, umwache abishe.

*Tafuta kwa majina ya zamani.* Ukiandika "Kyela" hutapata mengi. Wajerumani waliwaita Wanyakyusa na majirani zao Wakonde, na Tukuyu ilikuwa Neu Langenburg. Mmisionari Theodor Meyer wa Moraviani, aliyefika mwaka 1891, aliacha maandishi yaliyotoka kwa Kiswahili mjini Mbeya mwaka 1993 kwa jina la Wa-Konde. Mskoti D. R. MacKenzie aliandika juu ya Wakonde mwaka 1925. Kila kabila lina jina lake la zamani, litafute.

*Tumia maktaba.* Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa vitabu vya Afrika Mashariki, na maktaba yao mpya ilifunguliwa mwaka 2018. Kuna Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam na matawi yake mikoani. Kwenye intaneti, hifadhi ya JSTOR hukuruhusu kusoma idadi fulani ya makala bure ukijiandikisha. Makala ya Monica Wilson ya mwaka 1954, Nyakyusa Ritual and Symbolism, imo humo. Na usidharau kabati la mchungaji mstaafu au mwalimu wa zamani. Kitabu cha Meyer nilikiona kwenye kabati la namna hiyo, chini ya seti ya vikombe.

*Waulize watu wa tiba shufaa.* Hii ni huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa mwenye ugonjwa unaotishia maisha na kuitegemeza familia yake. Sikujua kwamba inaendelea hata baada ya kifo: kuwasaidia wafiwa ni sehemu ya maana yake kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990, Uganda mwaka 1993 kwa juhudi za Dkt. Anne Merriman, na kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road ni mojawapo ya sehemu zinazotoa tiba shufaa. Muulize muuguzi mapema, usingoje siku ya mwisho.

*Uliza ilitoka wapi.* Nani alisema, mwaka gani, na alizungumza na nani? Wagonjwa au wafiwa? Watu wa wapi? Hatua tano zilininyima usingizi bure.

*Jua pa kusimama.* Kama miezi imepita na wewe au mwenzi wako hali, halali, hafanyi kazi, au anasema bora afe, hapo si mahali pa kitabu. Nenda hospitali leo, na usimwache peke yake.

Ungo

Niliporudi Dar nilikuta gunia liko palepale. Mume wangu hakuligusa. Nikalifungua, nikachukua ungo, nikakaa chini sakafuni nikaanza kupepeta. Wadudu kwa mamia. Nikapepeta ungo wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikaona kipande cha karatasi ya daftari katikati ya mchele, mwandiko wa mama: uzito wa gunia na jina langu, basi. Orodha tu ya mtu mwenye utaratibu wake.

Nililia mpaka majirani wakaja. Mume wangu akaniambia baadaye kwamba alitaka kuninyamazisha, akakumbuka nilichomsimulia kwenye simu kutoka Kyela, akakaa sakafuni pembeni yangu akashika upande wa pili wa ungo.

Robo tatu ya ule mchele ilipona. Tumeula.

Siku hizi kila Ijumaa jioni nampigia baba. Ananiambia bei ya kakao, na mimi namwambia bei ya mchele Dar. Mwezi wa nane tunakwenda kukaa wiki mbili, bila turubai. Nimeshanunua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimeandika swali ambalo bado namuogopa kumuuliza: yeye mwenyewe, siku yake ikifika, anataka tumlilie siku ngapi?

Na wewe, msomaji wangu, kwenu mzee wa kuulizwa bado yupo? Basi ukimaliza ukurasa huu usifungue unaofuata. Mpigie. Mapenzi na mitindo tutayarudia mwezi ujao.